Alkaloidi za Jamii ya Mnavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Viazi, Nyanya, Nakati, Mnanaha na Tumbaku Nchini Uganda

Alkaloidi ni kitu gani, na ni mimea ipi inayohusika hapa?

Alkaloidi ni kemikali zenye nitrojeni ambazo mimea huzitengeneza, na ambazo hata zikiwa kidogo huweza kubadili utendaji wa mwili wa mtu au mnyama. Kafeini iliyomo katika kahawa ya Bugisu ni alkaloidi, kwinini ya maganda ya mti wa sinkona ni alkaloidi, na mofini vilevile. Majibu haya yanahusu jamii moja tu ya mimea, ambayo wataalamu huiita Solanaceae na ambayo hapa tutaiita jamii ya mnavu. Katika jamii hiyo kuna viazi mviringo (obumonde), nyanya, biringanya, entula, nakati, katunkuma, mnavu wenyewe, pilipili, entuntunu na tumbaku. Kuna pia mnanaha, ambao Waganda huuita amaduudu, pamoja na ule mti wa maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta ambao watu wengi huupanda uani kwa ajili ya urembo bila kujua undugu wake.

Wengi huzungumzia sumu ya mimea hii kana kwamba ni moja, ilhali kuna makundi matatu yanayotofautiana sana. La kwanza ni glikoalkaloidi, yaani solanini na chakonini za viazi, tomatini ya nyanya, na ndugu zake zilizomo katika entula na mnavu. La pili ni alkaloidi za tropani, yaani atropini, haiosiamini na skopolamini, ambazo ni za mnanaha na mimea michache iliyo karibu nao. La tatu ni nikotini ya tumbaku. Karibu kila swali linalofuata hujibika kwa urahisi mtu akishajua ni kundi lipi linalozungumzwa.

Je, mnavu tunaoula ndio ule mmea wa Ulaya unaosemekana kuua?

Hapana. Mmea unaotajwa katika visa vya Ulaya ni belladona (Atropa belladonna), wenye asili ya Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia Magharibi, na wenye alkaloidi za tropani. Mnavu, ambao Waganda huuita ensugga na Wakiga eswiga, ni mimea kadhaa ya jenasi ya Solanum inayofanana, kama vile Solanum scabrum na Solanum villosum, na sumu yake, pale inapokuwepo, ni ya kundi la glikoalkaloidi. Hata kwa macho inatofautiana: tunda la belladona hukaa moja moja, jeusi la kung'aa, likiwa limekalia majani matano madogo yaliyotanuka kama nyota, ilhali matunda ya mnavu hukaa kwa vishada na ni madogo.

Majani ya mnavu yaliyopikwa ni mboga nzuri, na watu wa Kigezi na Buganda wameyala kwa vizazi vingi. Sehemu inayohitaji tahadhari ni matunda mabichi ya kijani, kwa kuwa ndiyo yenye solasonini na solamajini, yaani glikoalkaloidi za mnavu, kwa wingi kuliko sehemu nyingine. Yanapoiva kiasi hicho hushuka sana. Uchungu wa majani nao hutofautiana kati ya aina na aina na kati ya mmea mchanga na uliokomaa, na ndiyo maana wapishi wengi wa Afrika Mashariki huyachemsha kwanza, wakamwaga maji ya awali, kisha wakayaunga kwa maziwa, samli au karanga. Desturi hiyo ina msingi wa kikemia, kwa sababu sehemu ya alkaloidi huhamia kwenye maji, na haifai kuachwa kwa kisingizio cha kuhifadhi vitamini ikiwa majani ni machungu kweli.

Kwa nini mmea ujitengenezee sumu?

Kwa sababu hauwezi kukimbia. Glikoalkaloidi huwadhuru wadudu na kuvu wanaoshambulia kiazi. Nikotini huwapooza wadudu kwa nguvu kiasi kwamba wakulima waliwahi kuitumia kama kiuatilifu kabla ya kemikali za kisasa. Na mifugo wengi huuepuka mnanaha kwa sababu ya harufu yake mbaya.

Viazi vilivyogeuka kijani sokoni vina hatari gani hasa?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa kuwa viazi mviringo vya Kabale, Kisoro na Kapchorwa husafiri kwa magunia juu ya malori, kisha hukaa juani kwenye vibanda vya barabarani na masokoni kwa siku kadhaa, na mwanga ndio unaoleta tatizo.

Rangi ya kijani yenyewe ni klorofili, ile ile iliyomo katika kila jani, na haina madhara. Shida ni kwamba mwanga unaoamsha klorofili hukifanya kiazi pia kiongeze solanini na chakonini, kwa hiyo ukijani ni dalili ya jambo lisiloonekana. Dalili hiyo si kamili: kiazi kilichochubuka au kupasuliwa na jembe huweza kuongeza glikoalkaloidi bila kubadilika rangi, na kiazi chenye ngozi nyekundu huweza kuuficha ukijani wake. Machipukizi, yale macho yanayoota, yana kiwango cha juu kuliko nyama ya kiazi, na yasiliwe kamwe.

Kwa kawaida kiazi kilichotunzwa vizuri huwa na glikoalkaloidi zisizozidi miligramu 100 kwa kilo moja, na kwa miaka mingi miligramu 200 kwa kilo imechukuliwa kuwa mpaka wa juu unaovumilika. Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi na kutaja miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kuwa kiwango cha chini ambacho madhara yamewahi kuonekana. Tukikokotoa, mtu mzima wa kilo 60 hufikia kiwango hicho kwa kula gramu 300 za viazi vilivyo kwenye mpaka ule wa miligramu 200, na mtoto wa kilo 20 hukifikia kwa gramu 100 tu, yaani kiazi kimoja cha wastani. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba viazi vya kijani hupewa watoto kwa kuwa "wao hawachagui".

Dalili huanza saa kadhaa baada ya mlo: kichefuchefu, kutapika, msokoto wa tumbo, kuharisha, na pengine maumivu ya kichwa na kusinzia. Kwa kuwa dalili hizo zinafanana na za chakula kilichochacha au za kipindupindu chepesi, ni rahisi kudhani kuwa visa vingi hupita bila kutambuliwa. Kisa kinachotajwa sana na madaktari ni cha shule moja ya wavulana kusini mwa London, ambapo wanafunzi 78 waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki ghalani tangu muhula uliotangulia; 17 walilazwa hospitalini, na wote walipona. Wasimamizi wa jikoni katika shule zetu za bweni, ambako gunia huweza kungoja likizo nzima, wana sababu ya kukikumbuka kisa hicho.

Hifadhi viazi mahali penye giza, ubaridi na hewa, ndani ya gunia la kitani au karatasi nene badala ya wavu ulio wazi. Kiazi chenye baka dogo la kijani kinaweza kumenywa kwa kina na baka likakatwa lote. Kiazi kilicho kijani sehemu kubwa, kilichonyauka na kuchipua, au kinachoacha uchungu na mwasho kooni baada ya kupikwa, kitupwe.

Je, kupika hakuondoi sumu hiyo?

Hupunguza, wala hakuiondoi. Solanini haivunjiki kwa joto la maji yanayochemka. Tathmini ile ile ya Ulaya ilikadiria kwamba kumenya hupunguza glikoalkaloidi kwa asilimia 25 hadi 75, kuchemsha kwa asilimia 5 hadi 65, na kukaanga katika mafuta kwa asilimia 20 hadi 90. Nafasi kati ya tarakimu hizo ni pana mno kuweza kutegemewa kama kinga. Kisu cha kumenyea ndicho chenye kazi kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya alkaloidi hukaa katika milimita chache za nje. Wanaochemsha viazi na maganda wachague viazi visivyo na ukijani kabisa.

Je, wazalishaji wa mbegu huliangalia jambo hili?

Ndiyo, na wana sababu ya kihistoria. Nchini Marekani aina iitwayo Lenape ilitolewa kwa wakulima mwaka 1967 kwa sifa ya kukaangika vizuri, kisha ikaondolewa mwaka 1970 ilipogundulika kuwa na glikoalkaloidi nyingi kupita kiasi. Tangu hapo kupima kemikali hizo ni sehemu ya kazi ya uzalishaji wa aina mpya katika nchi nyingi. Kwetu kazi ya kuboresha viazi hufanyika katika kituo cha utafiti cha Kachwekano, Kigezi, na mkulima anayenunua mbegu iliyothibitishwa anapata pamoja na mavuno uhakika ambao kiazi cha mwituni hakiwezi kumpa.

Nyanya mbichi za kijani je?

Nyanya changa huweza kuwa na tomatini hadi miligramu 500 kwa kilo, na inapoiva kiwango hicho huporomoka hadi miligramu chache tu. Tomatini pia ina sumu hafifu kuliko solanini, kwa sababu hushikamana na kolesteroli tumboni na sehemu kubwa yake hutoka nje na choo. Kipande cha nyanya ya kijani ndani ya mchuzi au achari hakimdhuru mtu. Majani ya mnyanya yasifanywe mboga. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa nyanya masokoni Kampala ana jambo kubwa zaidi la kuhofia kuliko tomatini, nalo ni yale mabaki meupe ya dawa ya ukungu yanayoonekana juu ya ngozi ya tunda. Yaoshwe kwa maji mengi, tena kwa kusugua.

Entula, nakati na katunkuma ni chungu. Je, uchungu huo ni sumu? Na je, katunkuma hutibu presha?

Uchungu wa entula na katunkuma unatokana kwa sehemu na glikoalkaloidi na kwa sehemu na saponini, ambazo ni kemikali za jamii nyingine. Kwa kiasi kinacholiwa mezani, matunda haya hayana rekodi ya kuwadhuru walaji, na nakati, ambayo ni majani ya spishi ile ile ya entula (Solanum aethiopicum) iliyochaguliwa kwa ajili ya majani, ni mboga salama.

Kuhusu presha, ni kweli kwamba watu wengi nchini hula katunkuma wakitumaini kushusha shinikizo la damu. Majaribio juu ya panya yametoa ishara za kuvutia kuhusu mafuta na sukari katika damu, lakini panya hana kadi ya kliniki, na hakuna kipimo kilichothibitishwa kwa binadamu kinachoeleza tunda ngapi kwa siku zinalingana na kidonge gani. Anayezipenda azile kama kitoweo na aendelee na vidonge alivyoandikiwa. Anayeacha vidonge kwa sababu ya katunkuma anaweza asihisi lolote kwa miezi, kwa kuwa shinikizo la damu halina maumivu, hadi siku ya kiharusi.

Entengotengo, yaani ndulele, ni habari nyingine. Matunda yake ya manjano yanavutia watoto, na yana solamajini na solasonini kwa wingi. Waganga huyatumia kwa maumivu ya jino na ngozi. Kuyala ni hatari kwa mtu na kwa mifugo.

Mnanaha ni mmea gani, na hufanya nini mwilini?

Mnanaha (Datura stramonium) ni gugu linaloota kwenye majalala, mazizi ya zamani, kando ya barabara na ndani ya mashamba ya mahindi na soya. Lina majani mapana yenye meno na harufu mbaya, maua meupe au ya zambarau yaliyo marefu kama faneli, na tunda lenye miiba ambalo likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyeusi bapa zenye umbo la figo, kila moja ikiwa na urefu wa takriban milimita 3. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa maelfu, nazo huweza kudumu ardhini kwa miongo kadhaa zikiwa hai. Sehemu zake zote zina alkaloidi za tropani, na mbegu ndizo zinazotisha zaidi kwa sababu husafiri na chakula.

Alkaloidi hizi huziba milango ambayo kemikali ya neva iitwayo asetilikolini huitumia kutoa amri kwa tezi, moyo, matumbo, kibofu, macho na ubongo. Amri zisipofika, mdomo hukauka hata mgonjwa ashindwe kumeza, ngozi huwa kavu, nyekundu na ya moto kwa kuwa jasho limekatika, mboni za macho hupanuka na mwanga humuumiza, moyo huenda mbio, tumbo hutulia, na mkojo hukwama. Kisha huja mambo ya akili: mgonjwa huweweseka, huokota hewani vitu visivyokuwepo, huzungumza na watu ambao hawapo, hupigana na wanaomsaidia, na baadaye hakumbuki chochote. Si ajabu kwamba katika vijiji vingine mgonjwa wa namna hii hupelekwa kwanza kuombewa au kutolewa mapepo, na saa za kumtibu zikapotea. Jasho lililokatika pamoja na mboni pana katika mtu aliyechanganyikiwa ghafla ni ishara ya kuuliza alikula nini.

Mti wa maua ya tarumbeta (Brugmansia) una alkaloidi hizo hizo. Usiwe karibu na mahali watoto wanapochezea.

Ni nini kilichotokea Karamoja mwaka 2019?

Mwezi Machi 2019 watu katika wilaya za Amudat na Napak walianza kuugua baada ya kula uji wa unga wa mahindi na soya ulioongezewa virutubisho, ambao hugawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa kina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo ili kukabili utapiamlo. Takriban watu 300 waliugua na watano walifariki. Shirika lilisimamisha ugawaji wa unga huo, sampuli zikapelekwa maabara, na baada ya uchunguzi wa vyanzo vingi vilivyoshukiwa ikabainika kuwa unga ulikuwa na atropini na skopolamini kwa kiwango cha juu. Chanzo kinachokubalika cha uchafuzi wa namna hiyo ni mbegu za gugu la Datura zilizovunwa pamoja na zao na kusagwa nalo.

Tukio hilo lilibadili namna dunia inavyolitazama gugu hili. Mwaka 2020 FAO na WHO, yaani mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ziliwakutanisha wataalamu kutathmini alkaloidi za tropani katika chakula, jambo ambalo hapo awali lilikuwa likiwashughulisha zaidi Wazungu na uji wa watoto wao. Ulaya ilikuwa imekwisha kuweka, mwaka 2013, kiwango cha tahadhari cha mikrogramu 0.016 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku moja, ambacho kwa mtu wa kilo 60 ni takriban mikrogramu 1. Mbegu moja ya mnanaha hubeba makumi ya mikrogramu. Kiwango hicho kina nafasi kubwa ya usalama ndani yake, kwa hiyo kukizidi hakumaanishi kifo, lakini kinaonyesha kwa nini mbegu chache ndani ya gunia si jambo la kupuuzwa, hasa pale mlaji anapokuwa mtoto mwenye utapiamlo ambaye uji huo ndio mlo wake pekee wa siku.

Mkulima na mwenye kinu wafanye nini?

Kazi kubwa ni ya shambani. Mnanaha ung'olewe kabla tunda halijapasuka, ukusanywe nje ya shamba, na ikiwa tayari una matunda usiachwe utepete kwenye mboji. Anayeung'oa avae glavu au mfuko wa plastiki mikononi na asijifute macho, kwa sababu hata utomvu kidogo ukiingia jichoni hupanua mboni na kutia ukungu wa macho kwa siku kadhaa. Moshi wake nao usivutwe.

Baada ya mavuno, chekeche husaidia sana kwa mahindi na soya, kwa kuwa punje zake ni kubwa kuliko mbegu ya mnanaha na mbegu hupita chini. Kwa mtama, ambao punje yake inakaribiana nayo kwa ukubwa, chekeche haitoshi. Inabidi kupepeta na kuchambua kwa mkono juu ya kitambaa cheupe, ambapo weusi na ubapa wa mbegu huonekana. Kusaga, kuoka na kuchemsha uji hakufanyi unga uliochafuka kuwa salama.

Ikiwa ni sumu kali hivyo, kwa nini hospitali huitumia?

Kwa sababu kuziba milango ya asetilikolini ndicho hasa kinachotakiwa katika hali fulani, ilimradi kipimo kiwe mikononi mwa mtu anayejua. Atropini ilitengwa na mfamasia Mjerumani Heinrich Mein mwaka 1831, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Matumizi yanayotugusa zaidi ni tiba ya waliokunywa au kuvuta viuatilifu vya kundi la oganofosfati. Viuatilifu hivyo huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kwa hiyo kemikali hiyo hurundikana: mgonjwa hutokwa na mate, machozi na jasho, mboni humsinyaa na kuwa ndogo kama ncha ya pini, na mapafu hujaa majimaji hadi akazama akiwa kitandani. Ukilinganisha na dalili za mnanaha utaona kuwa karibu kila moja ni kinyume. Daktari humpa atropini kwa mshipa, miligramu chache za mwanzo, na kuongeza maradufu kila baada ya dakika kama tano mpaka kifua kikauke na moyo upate nguvu. Jumla yake huweza kuwa kiasi ambacho kingempotezea fahamu mtu mwenye afya. Hakuna muuguzi wa wodi ya dharura katika eneo la kilimo asiyeijua chupa hiyo ndogo.

Atropini hutumika pia kuongeza mwendo wa moyo unaopiga polepole mno, na kupanua mboni ili jicho lichunguzwe. Skopolamini, kwa kibandiko kinachowekwa nyuma ya sikio, huzuia kichefuchefu cha safari. Haiosini butilibromidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Buscopan na huinunua duka la dawa kwa msokoto wa tumbo, hutengenezwa kutokana na skopolamini ya miti ya Duboisia ya Australia, ambayo nayo ni ya jamii ya mnavu. Imebadilishwa ili isiingie kwa urahisi katika ubongo.

Hata glikoalkaloidi zina nafasi yake: solasodini kutoka kwa mimea ya Solanum, hasa Solanum laciniatum iliyolimwa katika Umoja wa Kisovyeti, ilitumika kama malighafi ya kutengenezea dawa za homoni za steroidi.

Babu zetu walivuta moshi wa mnanaha kwa pumu. Je, lilikuwa kosa?

Walikuwa wameona jambo la kweli. Alkaloidi za tropani hulegeza misuli ya njia za hewa, na Uingereza ya karne ya 19 ilijifunza matumizi hayo kutoka India hata sigara za mnanaha zikauzwa madukani kwa wagonjwa wa pumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Ziliachwa kwa sababu kipimo hakitabiriki: jani la mmea mmoja huweza kuwa na nguvu mara kadhaa kuliko la jirani yake, kulingana na udongo, umri na hata saa ya kuchumwa. Dawa iitwayo ipratropiamu, inayovutwa kwa kipulizio, ni mzao wa atropini ulioundwa ili ubaki kwenye mapafu, na ndiyo anayopaswa kuitafuta mwenye pumu pamoja na vipulizio vingine atakavyoandikiwa.

Sheria ya Tiba za Jadi na Tiba Mbadala ya mwaka 2019 imewatambua waganga wa jadi nchini, na mganga makini atakuwa wa kwanza kukuambia kwamba mnanaha si mti wa kujitibia nyumbani.

Tumbaku je? Anayechuma majani ana hatari yoyote hata kama havuti?

Anayo. Nikotini hupenya ngozi, hasa majani yakiwa yamelowa umande au mvua, na mvunaji huweza kupata kizunguzungu, kutapika, udhaifu na maumivu ya kichwa kwa saa nyingi. Wakulima wa West Nile na Bunyoro wanaijua hali hiyo, ingawa mara nyingi huitwa uchovu au malaria. Kuvuna baada ya majani kukauka umande, kuvaa mikono mirefu na kubadili nguo zilizolowa hupunguza sana tatizo. Watoto wasitumwe kazi hiyo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 imekataza kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 21, lakini ngozi ya mtoto shambani haiulizi sheria.

Nyanya na biringanya nazo zina chembe za nikotini. Utahitaji takriban kilo 10 za biringanya kupata nikotini inayoingia mwilini kwa sigara moja.

Na pilipili?

Kapsaisini inayowasha ulimi si alkaloidi kwa maana kali ya kikemia, ingawa vitabu vingine huiweka kando yao. Huamsha kipokezi cha joto katika neva, ugunduzi uliompatia David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, na hutumika katika marhamu za maumivu.

Nimesoma kwamba mimea hii huleta ugonjwa wa viungo, na kwamba mjamzito asile viazi. Ni kweli?

Hakuna utafiti madhubuti uliothibitisha kuwa nyanya au viazi huleta baridi yabisi. Mtu akiona chakula fulani kinamletea maumivu anaweza kukiacha kwa wiki chache na kujaribu tena, lakini kumnyima mgonjwa mboga zote za jamii hii kwa sababu ya uvumi ni kumpunguzia lishe bure.

Hofu kuhusu mimba ina mwanzo wake. Mwaka 1972 mtafiti wa Uingereza James Renwick alipendekeza kuwa viazi vilivyoharibika husababisha watoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Wengine walilifuatilia wazo hilo na halikusimama. Kilichothibitika baadaye ni umuhimu wa vidonge vya asidi ya foliki kabla na mwanzoni mwa ujauzito. Mjamzito ale viazi vizuri na aviepuke vya kijani, kama mtu mwingine yeyote.

Mtu akila mnanaha au matunda asiyoyajua, tufanye nini kwanza?

Mpelekeni mara moja katika kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali, na chukueni kipande cha mmea, tunda au unga uliobaki. Msimlazimishe kutapika, na msimpe maziwa mkidhani ni dawa ya sumu, kwa kuwa anayeweweseka huweza kupaliwa. Kama ana joto kali, mvueni nguo nzito na mfuteni kwa kitambaa chenye maji. Asiachwe peke yake, kwa sababu huweza kutembea hadi barabarani au kwenye moto asijue.

Hospitalini atapewa mkaa maalumu ikiwa amefika mapema na anaweza kumeza, majimaji ya mshipa, dawa ya kumtuliza kama diazepamu, na mpira wa mkojo. Kuna dawa inayopingana moja kwa moja na atropini, nayo ni fizostigmini, iliyotengwa mwaka 1864 kutoka katika maharage ya Calabar ya Nigeria, ambayo hutumika kwa uangalifu mkubwa na daktari mwenye uzoefu. Wengi hupona kabisa ndani ya siku moja hadi tatu, ingawa mboni huweza kubaki pana kwa muda zaidi.

Je, maganda ya viazi yanafaa kwa nguruwe na mbuzi?

Maganda ya viazi visivyo na ukijani yanafaa, yakichanganywa na malisho mengine. Maganda ya kijani na machipukizi yasitumike hata yakichemshwa, na kama yakichemshwa pamoja na mengine kwa makosa, maji yake yamwagwe mbali na birika la wanyama. Wauzaji wa maganda mjini huchanganya ya ndizi, ya mihogo na ya viazi katika gunia moja, kwa hiyo mfugaji alimwage gunia chini kwanza na kutoa yaliyo kijani kabla ya kulisha, hasa kwa nguruwe jike mwenye mimba na watoto wa mbuzi.